Watani wa Zaina

Mjukuu wangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu. Marehemu babu yako alijua hivyo na hakuwahi kununa, maana siku hiyo naye alikuwapo, sepetu mkononi na matope mpaka magotini. Ni siku aliyozikwa mama yake Zaina.

Nimeona nikusimulie leo kwa sababu ya maneno uliyoyaleta jana kutoka shuleni. Ulisema mmepata mwenzenu mpya darasani. Nikakuuliza, ni mtu wa namna gani? Ukanitajia kabila la baba yake, ukanitajia kanisa analosali mama yake, ukanitajia na mtaa wanaokaa. Nilipouliza anapenda nini, ukanitazama tu. Sikukukaripia. Ukimkaripia mtoto chakula kikiwa mezani, unaharibu maneno na chakula pia. Basi leo tumeshakula. Sogeza hicho kiti karibu, maana masikio yangu siku hizi yanachagua ya kusikia, na mdomo nao unachoka kupaza.

Nilizaliwa hapa Likasi, katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba, upande wa Panda. Baba yangu alikuwa mfanyakazi kiwandani Shituru, na jioni nguo zake zilinuka tindikali hata mama akazifua kando, mbali na zetu. Kambini tulikaa watu wa kila pembe. Walikuwapo Wasanga, wenyeji wa ardhi hii, walikuwapo Waluba wa Katanga na Waluba wa Kasai, Wabemba, Watshokwe, na wengine ambao walikuja na mkataba wa kazi wakasahau njia ya kurudi. Nje ya kambi, karibu na soko, walikaa Wangwana. Ndivyo tulivyowaita Waislamu waliotoka upande wa Maniema, wengi wao madereva na wenye maduka.

Wakati huo serikali ilikuwa imetuambia tuache majina ya ubatizo. Mimi niliyekuwa Yuliana nikawa Masengo, na padri mwenyewe akawa anababaika akituita kwenye kwaya. Mkuu wa chama wa mtaa wetu, ndani ya koti lake lisilo na tai, alitukumbusha kila Jumamosi kabla ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, kwamba makabila yamekwisha, sote ni raia wa nchi moja. Alisema vizuri, na tulimpigia makofi. Lakini mtu akifa mtaani, mkuu wetu naye alikwenda kukaa kwenye moto wa watu wa kwao.

Nikueleze jambo hilo la moto, maana ninyi mnazika kwa haraka siku hizi. Kwetu mtu akifa, watu hukusanyika nyumbani kwa mfiwa, na mkusanyiko huo tunauita kilio. Wanawake hulala ndani kwenye mikeka, wanaume huwasha moto uani. Wafiwa wenyewe hawafanyi kazi yoyote. Kazi ni ya watani. Watani ni watu wa kabila au ukoo ambao mababu zao na mababu zako walikubaliana zamani kutaniana na kuzikana. Mtani wako ndiye anayechimba kaburi. Ndiye anayekuja katikati ya machozi akakutukana, akaiga alivyotembea marehemu, akaficha viatu vya mjomba wako, mpaka ukacheka bila kupenda. Na ndiye anayekupa tonge la kwanza. Kambini kwetu mfiwa hakula mpaka mtani amtie tonge mkononi. Ni desturi nzuri, mwanangu, na mpaka leo naipenda. Ila ina mlango mmoja tu wa kuingilia. Ni lazima ijulikane wewe ni nani.

Sasa Zaina. Alikaa nyumba ya ukingoni, pale kambi inapoishia na barabara ya soko inapoanza, dirisha kwa dirisha na sisi. Tulikuwa rika moja, mwaka wa mwisho wa kuitwa watoto. Baba yake alikuwa Mungwana, dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja, aliyekwenda kaskazini kuchukua samaki na mahindi. Mama yake alizaliwa Likasi na wazazi wa Kasai, Mkatoliki. Walioana hivyo wakaendelea hivyo: baba na msikiti wake, mama na misa yake, na mwana katikati. Watu wa Kasai walimtoa mama yule katika chama chao cha kusaidiana tangu siku ya ndoa. Watu wa mumewe hawakumfukuza, ila mikeka yake hawakuikalia.

Zaina hakuonekana kuumizwa na hayo. Alikuwa na kazi. Alifundishwa na baba yake kutengeneza baiskeli, ambayo kwetu huitwa kinga, na kila siku baada ya shule alikuwa kibarazani, magurudumu juu, vidole vyeusi. Wazee walinong'ona kwamba msichana hafanyi kazi ile. Kisha wakaleta kinga zao. Hakuuliza mtu anatoka wapi, aliuliza tu tairi limetoboka lini na kwa nini hakuletewa mapema. Alikuwa na ukali kidogo, huyo Zaina, na sijawahi kuona mtu anayependa chuma kama yeye.

Mama yake alishikwa na homa katikati ya mvua, akafa kabla watu hawajajua kwamba ni mgonjwa. Baba alikuwa safarini, barabara za kaskazini zimekatika, na hakuna aliyejua lori lilipo. Zaina akabaki peke yake na maiti.

Nilikwenda asubuhi na mama yangu. Nilizoea vilio vya kambini, ambapo hupati hata pa kuweka mguu. Pale palikuwa na mikeka iliyotandikwa na Zaina mwenyewe, na juu ya mikeka hapakuwa na mtu ila bibi mmoja, Nkambo Mwape. Alikuwa Mbemba, mjane, muuza munkoyo, kinywaji cha mahindi, na mguu wake mmoja ulikuwa umevimba siku zote. Nkambo kwetu ni bibi au babu. Kila mtu kambini alimwita hivyo, na kila mtu alimwogopa kidogo. Uani hapakuwa na moto. Watu walipita barabarani wakapunguza mwendo, wakasema pole kwa sauti ya chini, wakaendelea. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wakingoja wenye msiba wafike, na kila mmoja aliamini kwamba wenye msiba ni wengine.

Nakwambia wazi, mwanangu: kwetu hakuna aibu kubwa kama kilio kisicho na watu. Maskini wa mwisho kambini alizikwa na umati. Nilimwona Zaina ameketi pembeni mwa maiti, mikono juu ya magoti, macho makavu, na nikaona aibu kana kwamba mimi ndiye niliyevuliwa nguo mbele ya watu. Kisha ilikuwa lazima maziko yafanyike siku ileile. Joto la masika halina subira na maiti.

Sisi vijana wa kwaya tukakutana barabarani. Tulikuwa kundi dogo, na vichwa vyake vilikuwa viwili. Mmoja Kazadi, Muluba wa Kasai, mtoto wa karani, kijana wa maneno machache na viatu vilivyong'aa. Wa pili Chibwe, Mbemba, mjukuu wa Nkambo Mwape, mchekeshaji, ambaye baadaye alikuja kuwa babu yako. Tukasema, lazima tusaidie. Na unajua tulivyoanza kusaidia? Tulianza kutafuta kabila la Zaina. Tukijua kabila tutajua watani, na watani wakijulikana kaburi litachimbwa. Tuliona ni akili nzuri sana.

Tukaenda kwa mkubwa wa watu wa Kasai. Alikuwa akinyoa ndevu uani, akatujibu kwa Kiswahili chetu cha kambini.

"Ule mama alituachaka yeye mwenyewe," akasema bila kugeuka. "Aliendaka kwa Bangwana. Bangwana bamuzike."

Tukaenda kwa mwenye duka mmoja, mzee wa Wangwana. Huyu alitupokea vizuri, akatupa viti.

"Mama alikuwa muntu muzuri, Mungu amuhurumie," akasema. "Lakini alikuwa anaenda kanisa kila siku ya Mungu. Shiye tutamuzika namna gani? Bantu ya kanisa njo banamujua."

Tukaenda kanisani. Katekista akatuambia atakuja kubariki kaburi, hilo lisitusumbue. "Lakini kuchimba ni kazi ya batani," akasema. "Batani yake ni banani?"

Tukarudi tulikoanzia. Mvua ilinyesha ikakatika, ikanyesha tena. Chibwe akasema tudanganye. "Tuseme ni Mubemba, kwa mama ya mama yake. Nani atajua? Basi Baluba batakuwa batani yake, banachimba, inaisha." Kazadi akasema uongo kwenye kilio unaleta balaa. Wakabishana. Mimi nikaongeza kwamba pengine tuulize upya ukoo wa babu yake, mzaa mama. Kwa kweli tulikuwa na bidii. Jua lilikuwa limepanda na sisi bado tunapanga ukoo wa mtu barabarani, mbele ya dirisha lake.

Nkambo Mwape akatoka nje, ameshika ukuta kwa mkono mmoja.

"Tangu asubui muko natembea," akasema. "Munatafuta nini?"

"Kabila yake, nkambo," nikajibu. "Tujue batani yake."

"Na mukipata?"

"Tutabaita, bakuye kuchimba."

"Na ule mutoto mule mu nyumba, nani alimupatia mayi?"

Tukachungulia mlangoni.

"Ndoo ilikuwa bure, bila mayi. Minye, na hii muguu yangu, njo nilienda ku robine kuteka mayi. Muko vijana, muko na miguu ya muzuri, na miguu inatembea kutafuta jina. Ule mama iko nangoja udongo. Haiko nangoja jina."

Kazadi akasema kwa heshima, huku akitazama viatu vyake, "Nkambo, lakini shiye hatuko batani yake."

"Utani ilitokaka wapi?" bibi akauliza. "Ilishukaka na Mungu? Bankambo benu bapiganaka vita. Siku moja mwingine akafwa, ndugu zake bakakimbia, na ule mwenye kupigana naye akamuzika. Njo ilianza vile. Kulikuwaka siku ya kwanza. Basi leo ni siku ya kwanza."

Wazee wawili waliokuwa wakipita wakasimama kusikiliza. Mmoja akasema kwamba asiye mtani akichimba kaburi huleta mkosi nyumbani kwao, na akatutolea methali, mchimba kisima huingia mwenyewe. Methali hiyo ni ya watu wanaochimbia wenzao ubaya, na mzee aliijua maana yake kama ninavyoijua mimi. Lakini mtu asiyetaka kusaidia hushika methali yoyote iliyo karibu.

"Mukosi ikikuya," Nkambo Mwape akamwambia, "muitume kwangu. Nyumba yangu inajulikana."

Usidhani ilikuwa rahisi. Leo mnacheka habari za mkosi, lakini sisi tuliuogopa, na wazazi wetu waliuogopa zaidi. Baba yake Kazadi, yule karani, alipopata habari alikuja mpaka barabarani na koti lake la kazini. "Ukienda kuchimba lile kaburi," akamwambia mwanawe mbele yetu, "usirudi ku meza yangu." Alisema kwa utulivu. Kazadi alikuwa mtoto mtiifu kuliko sisi sote, asiyejibu wakubwa hata kwa macho. Akainama, akavua viatu vyake vya kung'aa, akavipanga vizuri miguuni pa baba yake. Kisha akamfuata Chibwe pekupeku kwenda kutafuta masepetu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wavulana walikwenda makaburini. Sisi wasichana tulichota maji, tukafagia, tukakoka moto uani, na moshi ulipoonekana, watu wakaanza kuamini kwamba hapo pana kilio. Mama yangu na Nkambo Mwape walimwosha marehemu. Mwenye lori, yule mwajiri wa baba yake Zaina, alitoa sanduku la kuzikia. Tulipotoka na sanduku kwenda makaburini, wanawake wa Kasai waliokuwa wamesimama mbali walianza kuimba wimbo wa kwao, polepole, wakiwa ng'ambo ya barabara. Hawakuvuka. Ila waliimba mpaka tukapotea machoni. Yule mwenye duka alifika makaburini na wazee wenzake, wakasimama kando, viganja wazi, katekista akisoma upande huu na wao wakiomba upande ule. Kaburi lilikuwa na maji chini na upande mmoja lilikuwa limepinda, maana Kazadi hakuwahi kushika sepetu maishani mwake. Tukamlaza mama yule humo. Mvua ilituhurumia mpaka tulipomaliza.

Mchana uligeuka tukiwa tumerudi. Hapo ndipo penye jambo lenyewe, mwanangu, hayo mengine yote yalikuwa njia ya kufikia hapo.

Tulipika bukari, yaani ugali, na sombe, majani ya muhogo. Zaina aliketi kwenye mkeka, hakuwa ametia kitu kinywani tangu mama yake alipozidiwa, na midomo ilikuwa imepauka. Tukamwekea chakula. Hakukitazama. Mama yangu akambembeleza, Zaina akatikisa kichwa. Hakuwa na kiburi, alikuwa mtoto wa kambi kama sisi na alijua desturi. Mfiwa hali mpaka mtani afike. Na yeye alijua kuliko mtu yeyote kwamba mtani hana.

Chibwe akapiga magoti mbele yake na tonge mkononi. Alikuwa hodari wa utani, kwenye vilio vya Waluba walimwita kwa jina. Akaanza na matusi ya watu wa Kasai, kama wanavyotaniwa, kwamba wanalia jicho moja na jicho la pili linahesabu wageni. Kimya. Akahamia kwa Wangwana, kwamba kanzu ni ndefu kwa sababu inaficha tumbo tupu. Kimya. Akajaribu tena Kasai. Jasho likamtoka. Sisi tulicheka kidogo ili kumsaidia, na kicheko chetu kilikuwa kibaya kuliko kimya.

Zaina akainua macho.

"Chibwe," akasema taratibu, "uko natukana bantu bengine. Minye niko hapa."

Nimeishi miaka mingi na nimesikia mahubiri mengi, mengine marefu sana. Maneno hayo ndiyo yaliyonikaa. Chibwe alirudisha tonge kwenye sahani. Na mimi nikawaza: huyu ninakaa naye dirisha kwa dirisha tangu tukiwa hatujui kutembea. Asubuhi nzima nimetafuta yeye ni wa nani. Je, najua nini juu yake mwenyewe?

Nikakuta kwamba najua mengi. Nikachukua tonge, nikaketi mbele yake.

"Weye Zaina," nikasema, "tukikuacha ufwe na njala, nani atagombana na bakinga? Nilikusikia minye, ku dirisha. Uliuliza tairi ya padri: 'Weye uko mukristu gani, kila juma kutoboka?' Tairi ikakujibu nini?"

Akanitazama.

"Na kinga ya baba yangu! Uliifungua yote, ukairudisha yote, boulon mbili za kukazia zikabaki mu mukono. Baba akakuuliza, na hizi? Ukamuambia, Bazungu batiaka mingi ya bure. Baba anapanda ile kinga mpaka leo, na kila asubui mama anapiga goti kumuombea!"

Mama yangu akafunika mdomo kwa kitenge. Pembe ya mdomo wa Zaina ikasogea.

"Haikuwa mbili," akasema. "Ilikuwa moja."

Kisha akacheka. Kicheko kilitoka vibaya, kimechanganyika na kikohozi, na katikati yake ndipo machozi yalipopata njia, yale aliyoyazuia tangu jana yake. Akalia kwa sauti, akaita mama yake, akatuambia kwamba mama ndiye aliyemfundisha kusema ile habari ya Bazungu, maana ile bolti ilikuwa imedondokea kwenye sufuria ya mama na walitafuta wote wawili wakashindwa. Tukacheka tena na tukalia naye. Nilimtia tonge mkononi. Akala. Chibwe akapiga yowe uani kwamba mfiwa amekula, na watu waliokuwa barabarani wakaingia, mmoja mmoja, wakaketi kwenye mikeka.

Baba yake Zaina alirudi barabara zilipokauka. Alikwenda kwenye kila nyumba yetu akatushika mikono kwa mikono yake miwili. Kazadi alikula kwetu kwa muda, mama akilalamika jinsi anavyomaliza bukari na kumwongezea palepale, mpaka baba yake akachoka kula peke yake akamwita. Mkosi hatukuuona, isipokuwa kama ni hili goti langu.

Na utani ukabaki. Ulikuwa utani wa ajabu, hauna ukoo wala kabila nyuma yake, lakini tuliushika kama tulivyoona wazee wakishika wa kwao. Kulipokuwa na kilio kwetu, Zaina alifika na sepetu. Alipokufa yule karani, baba yake Kazadi, ni Zaina aliyekuja kuiga jinsi alivyofunga vifungo vya koti, na Kazadi alicheka akishika mbavu.

Miaka ikapita. Kampuni ikadhoofika, mishahara ikawa hadithi, tukalima mpaka mlangoni. Halafu ukaja wakati ambao sipendi kuusimulia, na mzazi wako anaujua. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao, hata waliozaliwa hapa, na wakajaa kwenye kituo cha treni, wakilala chini na watoto wao wakingoja treni isiyofika. Jina la kabila lilikuwa limetosha kumfanya jirani kuwa mgeni. Kazadi alikuwa humo na mkewe na watoto.

Zaina alifunga maji na chakula kwenye kinga yake. Mimi nilisukuma nyuma. Sitajisifu, kama si yeye ningerudi. Karibu na kituo vijana wenye fimbo walitusimamisha. Mmoja, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, akashika usukani.

"Weye mama, uko muntu ya wapi?" akamwuliza Zaina.

Mwanangu, siku hiyo jibu la swali hilo liliweza kuua. Na Zaina alikuwa na Kasai nusu nzima ndani ya damu yake.

"Minye niko mutani," akasema.

"Mutani ya kabila gani?"

"Ya Kazadi. Achia kinga yangu, muko nachelewesha bukari."

Kijana alitazama wenzake. Walikuwa wamelelewa na mama zao, na mama zao waliwafundisha kwamba mtani anayekwenda kwenye msiba hazuiwi. Mkono ukaachia usukani. Tukapita. Tukamkuta Kazadi ameegemea ukuta, mtoto amelala kifuani, uso hauna mtu ndani. Zaina akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Kazadi! Unakimbia Likasi, na ile kaburi ya mama ulichimba mupinde! Kila siku ninaenda kumuuliza kama mugongo haimuumi!"

Kazadi akainua kichwa. Kisha akacheka, pale, katikati ya watu wale wote waliovunjika, akacheka mpaka mtoto akaamka. Zaina akamtia tonge mkononi, akala.

Hayo ndiyo niliyotaka kukuachia, mwanangu, na sasa nakueleza kwa maneno ya wazi usije ukasema bibi alisimulia tu baiskeli. Kabila si kosa, na dini si kosa. Mimi ni Muluba wa Katanga na sitaki mtu anifute. Lakini hayo ni mlango wa nyumba, na mtu anakaa ndani. Ukiishia mlangoni, utawasalimu watu maisha yako yote na hutamjua hata mmoja. Na ukiona mwenye shida, usianze kwa kuuliza ni wa nani. Tazama ndoo yake kama ina maji. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, walisema wahenga, na hawakuongeza kwamba atoke kijiji gani. Vijana mna miguu. Itumieni kwanza, majina mtayajua njiani. Jua mwenzako anacheka nini, anaogopa nini, ana ukali gani na upole gani, kwa maana siku ya msiba wake hutamfikia kwa maneno yaliyotengenezwa kwa watu wengine.

Inama nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe macho ya kumwona mtu kabla hujasikia jina la kabila lake, na akupe moyo wa kuvua viatu vyako panapotakiwa kuchimba. Usipite kamwe penye mkeka mtupu. Na siku yako wewe ya machozi itakapofika, kwa kuwa itafika, usikose mtu mmoja anayekujua sawasawa, aje akae mbele yako, akutukane, upate kula.